Vipimo vya Bonde la Nyuma

Umeme ulikatika Jumapili, ukarudi kwa kishindo, ukakatika tena, na Jumatatu asubuhi watafiti wa taasisi ya misitu walipofungua kompyuta zao hawakukuta kitu. Hawakukuta hata folda. Wakaanza kupiga simu kwenye kitengo cha kompyuta, mmoja baada ya mwingine, kwa sauti za watu wanaoulizia mzigo uliochelewa njiani. Mwanamke aliyekiongoza kitengo hicho, ambaye taasisi nzima ilimwita Bi Mkuu, aliwajibu wote jibu moja.

"Msiwe na hofu. Seva imeungua lakini nakala tunazo."

Na alisema hivyo akiamini. Ng'ambo ya ua, katika chumba kilichokuwa zamani ghala la makaratasi, palikuwa na mashine ya pili ambayo kazi yake ilikuwa moja tu: kila siku ichukue nakala ya vipimo vyote vya miti na kuvihifadhi. Ikimaliza iliandika kwenye kioo neno "Imefanikiwa." Katika kitengo kile ilikuwa desturi kwamba anayefika wa kwanza asubuhi alitazama kioo, akalisoma neno lile, akasema kwa sauti, "Tumelala salama," na wenzake wakaitikia, "Salama." Wageni walidhani ni salamu. Kwao ndiyo ilikuwa kazi ya kwanza ya siku.

Fundi wa kitengo, mwanamke mwembamba aliyeitwa Nyuki kwa sababu hakutulia na maneno yake yalichoma, alikwenda kuzirudisha nakala. Hakuchukua muda. Alirudi mlangoni akasimama.

"Bi Mkuu, njoo."

"Sema tu, niko kwenye simu."

"Njoo uone kwa macho yako. Hili mimi siwezi kulitamka."

Walisimama wawili mbele ya kioo. Nyuki alifungua nakala ya jana. Tupu. Akafungua ya juzi. Tupu. Akafungua ya mwezi uliopita, ya mwaka uliopita, akazidi kurudi nyuma kama mtu anayeshuka ngazi gizani akipapasa kwa mguu, asikute sakafu. Mwisho alifika siku ambayo vipimo vilihamishiwa kwenye diski mpya na folda yao ikapewa jina jipya. Ilikuwa miaka miwili nyuma, na nakala za kabla ya hapo mashine ilikuwa imekwisha kuzifuta ili kupata nafasi. Tangu siku hiyo mashine ya nakala, ambayo hakuna aliyeiambia habari za jina jipya, ilikuwa ikienda kwenye folda ya zamani, inakuta hapana kitu, inachukua nakala ya hapana kitu, kisha inaandika kwamba imefanikiwa.

"Nani alibadilisha jina la folda?" Nyuki aliuliza, halafu akatamani kuyameza maneno yake.

"Mimi," alisema Bi Mkuu.

"Na hatukuwahi kujaribu kurudisha hata faili moja, tukaona?"

"Hatukuwahi."

Kilichomduwaza Bi Mkuu hakikuwa hasara yenyewe, kwa maana ilikuwa bado kubwa mno kuingia kichwani. Kilichomduwaza ni kwamba mashine haikusema uongo hata siku moja. Iliulizwa kama imemaliza kazi, ikajibu imemaliza.

Nitaeleza kwa kifupi ni nini kilichopotea, ili msomaji asidhani ni namba tu. Kwa zaidi ya miaka thelathini taasisi ile ilikuwa ikipima miti ileile, kila mwaka, kwa futi inayozungushwa shinani usawa wa kifua. Kila mti una kibati chenye namba na mstari wa rangi unaoonyesha pa kuzungushia. Deni likipotea daftarini, mdai na mdaiwa wanaweza kukumbushana. Mti haukumbushi. Ukipoteza unene wake wa miaka kumi iliyopita, hata uukumbatie hautakwambia. Na fomu za karatasi zilikwisha kutupwa, kwa sababu mashine ya nakala ilihitaji chumba.

*

Mkurugenzi alikuwa mtu wa sauti ndogo, na ilipozidi kuwa ndogo watu walijua mambo yameharibika. Siku ile Bi Mkuu alilazimika kuinama juu ya meza ili amsikie.

"Nieleze kama unavyomweleza mtoto."

Akamweleza.

"Kwa hiyo tumekuwa tukiweka akiba ya hewa."

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Na wewe kila mwezi unaniandikia kwamba akiba iko salama, unatia saini."

"Ndiyo."

"Wageni wanaotulipia utafiti wanakuja wiki ijayo kupokea kitabu cha miaka thelathini. Nitawapa nini? Nitawapa majani?"

Mkurugenzi alisema diski zilizoungua zipelekwe kwa mtaalamu yeyote atakayepatikana, na kwamba zisipofufuka, Bi Mkuu atafute kazi nyingine na nyumba nyingine, maana nyumba za taasisi ni za wafanyakazi wa taasisi. Alisema hayo yote kwa upole, akimsogezea kiti kilichokuwa kimemzuia kupita.

Jioni getini mlinzi alimwomba afungue mkoba. Katika miaka yote hakuwahi kuombwa.

"Ni agizo tu, mama. Nisamehe."

"Fanya kazi yako."

Mlinzi alitoa bakuli la chakula cha mchana, miwani, na kopo la dawa ya kuchua goti. Aliligeuza kopo, akafungua kifuniko, akanusa.

"Hii nayo ni ya kompyuta?"

"Ni ya mume wangu."

Nyuma yao walikuwa wamesimama makarani wawili wakisubiri kupita, na walikuwa wameacha kuongea ili wasikie vizuri.

*

Mume wake alikuwa mpimaji miti wa taasisi hiyohiyo. Walimwita Futikamba, kwa sababu alitembea na futi shingoni hata siku za mapumziko, na kwa sababu alipenda kumwambia mtu, "Kaa wima nikupime." Kilima na bonde la nyuma vilikuwa mikononi mwake tangu ujana. Watafiti wawili walikuwa wamepata shahada za uzamivu kwa namba zake. Yeye mwenyewe alikuwa hajaongezwa hata cheo, lakini kila mwaka mkurugenzi alimtaja hadharani: vipimo vya bonde la nyuma, mahali pagumu kuliko pote, ndivyo vilivyokuwa safi kuliko vyote.

Bi Mkuu alimkuta sebuleni na mama mkwe wake, ambaye wote walimwita Bibi. Bibi alikuwa anachambua mchele kwenye ungo. Bi Mkuu hakuketi. Alisema yote akiwa amesimama, mkoba bado begani, kama anayeleta habari nyumba ya watu.

"Zote?" aliuliza Futikamba.

"Zote."

"Hata za bonde la nyuma?"

"Hata za bonde la nyuma. Mzee wangu, nisamehe. Kazi yako yote."

Futikamba alishika mkono wa kiti, akajishusha taratibu. Usoni mwake kulipita kitu ambacho mke wake hakuwahi kukiona, naye akadhani ni huzuni. Kilikuwa kitu kingine, lakini mwenyewe asingethubutu kukiita kwa jina lake.

"Kompyuta gani hiyo," alisema Bibi, "inayomeza miaka thelathini bila hata kubeua?"

"Mama, tafadhali."

"Nauliza. Nataka kujua. Wewe unatoka hapa na buti, unarudi na ruba miguuni, watu wenye shahada wanachukua jasho lako wanalitia kwenye sanduku la taa. Halafu sanduku linasema pu. Mkwe wangu, si ninyi mlisema karatasi zinaliwa na mchwa?"

"Tulisema, mama."

"Basi mchwa wana heri. Mchwa huacha hata vumbi."

"Mama, mwache," alisema Futikamba. "Yaliyopita si ndwele." Kisha akamgeukia mke wake, akamvua mkoba begani kwa mikono yake mwenyewe. "Usijitese, mama watoto. Watapima upya. Miti haihami."

"Miti haihami, ila miaka inahama."

"Iache ihame."

Bi Mkuu alilia hapo, kwa sababu alikuwa amejiandaa kwa hasira na hakuwa amejiandaa kwa wema. Alijiambia kwamba ameolewa na mtu ambaye yeye hakuwa ameijua thamani yake. Katika hilo, kwa namna fulani, alikuwa sahihi.

*

Diski zilipelekwa mji mwingine, kwa mtu aliyesifika kufufua vilivyokufa. Nyuki alimpa jina la mganga wa diski, kwa sababu alidai malipo kabla ya kugusa mgonjwa na hakuahidi kitu. Siku zikapita. Kitengo kizima kilikuja kazini na kukaa. Wenzao wa idara nyingine walipokuwa wakipita dirishani waliita, "Mmelala salama?" na kucheka, na hakuna aliyewaitikia.

Kila jioni Futikamba alimuuliza mke wake, "Bado?" Akijibiwa bado, alipumua, akauliza chakula. Mke alidhani wanangoja pamoja.

Simu ilipokuja, ilikuja mchana wakati wa kula. Mganga wa diski alisema kwa sauti ya usingizi kwamba mgonjwa ameamka. Folda yote iko, kuanzia mwaka wa kwanza. Nyuki alipanda juu ya kiti akacheza mpaka kiti kikavunjika mguu. Bi Mkuu aliweka kijiko chini, akatazama ukutani. Alikuwa ameshtuka kwa furaha kuliko alivyoshtuka kwa msiba.

Mkurugenzi alikuwa amekwisha kuandaa cheti cha kuwapa wageni: kwamba vipimo ni kamili na ni sahihi. Pa kutia saini palikuwa pa mkuu wa kitengo cha kompyuta.

"Sitatia saini leo, mheshimiwa."

"Kwa nini? Si zimerudi?"

"Zimerudi. Lakini nimetia saini miaka miwili juu ya kitu ambacho sikukifungua. Safari hii nataka nijaribu. Tuchague miti michache kila eneo, watu waende msituni waipime leo, tuone kama namba zilizorudi zinalingana na miti iliyosimama."

Mkurugenzi alimtazama kama mtu anayetazama mgonjwa aliyepona anaomba kuchomwa sindano nyingine. Lakini neno lilikuwa la haki. Akampa siku mbili. Wapimaji wakabadilishana maeneo, ili mtu asijipime mwenyewe. Kilima cha Futikamba, ambacho njia yake ni rahisi, akapewa mwingine. Bonde la nyuma halikuwa na mpimaji mwingine aliyelijua.

"Nitakwenda mimi na Nyuki," alisema Bi Mkuu. "Ni la mume wangu. Sitaki baadaye isemwe tumelipitisha kwa undugu."

*

Alimwambia mume wake wakati wa chai ya asubuhi. Futikamba alikuwa ameinua kikombe, kikabaki hewani.

"Nitakwenda mimi. Ninyi hamjui njia."

"Wewe ndiye mpimaji wake, ndiyo maana huwezi kwenda."

"Kuna utelezi. Kuna ruba. Utaumia goti."

"Goti bovu ni lako, mzee wangu. Mimi yangu mazima."

Bibi alicheka. "Mwache aende akaione kazi ya mume wake. Miaka yote hii anaiona kwenye kioo tu, kama sura ya jirani."

"Tia saini, mama watoto," alisema Futikamba, taratibu. "Mimi nakuhakikishia ziko sawa."

"Hata mashine ilinihakikishia."

Alisema kwa utani, akainuka kutafuta viatu. Chai ya Futikamba ilipoa palepale mezani, na Bibi, asiyependa kitu kimwagwe, akaimalizia yeye.

*

Njia ya kwenda bonde la nyuma ilianzia kwenye daraja la magogo. Hadi darajani ilikuwa pana, imekanyagwa, hata majani ya pembeni yamelala. Baada ya daraja ilikwisha. Nyuki alisimama na panga mkononi.

"Bi Mkuu, kwani hapa hupita nani?"

"Mvua za mwaka huu zimeotesha sana."

Nyuki akaanza kufyeka. Alifyeka vichaka, na ndani ya vichaka akakutana na miti myembamba iliyoota katikati ya njia, minene kama mpini wa jembe. Miti haioti hivyo kwa mvua za mwaka mmoja. Hakusema kitu, na kwa Nyuki kunyamaza kulikuwa kama mtu mwingine kupiga kelele.

Bondeni palikuwa baridi, na mwanga ulishuka kidogokidogo kama unaouzwa. Bi Mkuu, ambaye alikuwa ameiweka miti ile kwenye mashine mmoja mmoja kwa namba yake, alikuwa hajaiona hata mmoja. Aliutafuta wa kwanza kwenye orodha ya kishikwambi. Waliupata. Mstari wa rangi ulikuwa umefutika, ikabidi wapime kutoka ardhini kutafuta usawa wa kifua. Kishikwambi kilisema sentimita sitini na moja. Futi ilisema hamsini na nane.

"Pima tena."

Nyuki alipima tena. Hamsini na nane.

Wa pili, gome lilikuwa limekimeza kibati, likabakiza ncha tu. Nao ulikuwa mwembamba kuliko namba zake. Wa tatu hawakuuona. Walizunguka, wakahesabu majirani zake, wakarudi palepale, Nyuki akakaa juu ya gogo apumzike. Gogo lilikuwa limevaa utando wa kuvu na uyoga, na mahali alipoweka mkono likabomoka kama mkate. Chini ya utando kitu kikagonga kucha yake. Akakwangua. Kilikuwa kibati.

Akaisoma namba yake. Bi Mkuu akaitafuta kwenye kishikwambi. Mti ule ulikuwa na kipimo cha mwaka jana, na cha mwaka juzi, na cha kila mwaka kabla ya hapo, bila kuruka. Mwaka jana ulikuwa umeongezeka milimita nne.

"Umelala chini, umeoza," alisema Nyuki, "na bado unanenepa." Akacheka. Halafu akakumbuka amecheka mbele ya mke wa nani.

Bi Mkuu alipiga magoti kwenye matope. Kwenye ubavu wa gogo kulikuwa na mti mchanga ulioota juu ya lile lililokufa, na shina lake lilikuwa nene kuliko mkono wake. Aliushika. Alikuwa anajaribu kuhesabu miaka, na kila akihesabu alikuta mwaka ambao mume wake alirudi nyumbani akasema, "Bonde leo limenitoa jasho."

"Labda namba zimechanganyika wakati diski zinafufuliwa," Nyuki alisema.

"Labda."

"Tukisema hivyo hakuna atakayebisha. Mganga alishakula fedha yake. Tutasema kilima kimerudi salama, bonde limeharibika. Ni kweli limeharibika."

Njia nzima ya kurudi Bi Mkuu alilisikia neno lile likitembea nyuma yake. Lilikuwa neno zuri. Lingemlinda yeye, mume wake, na paa lililo juu ya kichwa cha Bibi. Lingemgharimu mtu mmoja tu, mganga wa diski, ambaye hata sura hawakuijua.

*

Futikamba alikuwa ameketi kizingitini. Hakuwa na futi shingoni. Bibi alikuwa nyuma yake sebuleni.

"Mmefika," alisema.

"Tumefika."

"Mpaka wapi?"

"Mpaka kwenye ule uliolala."

Alitikisa kichwa, si kwa kukataa. "Mkubwa ule. Ulianguka lini?"

Swali hilo ndilo lililomvunja Bi Mkuu nguvu. Alikuwa amekuja na maneno yake tayari, na mtu ambaye yeye alimjia kwa hasira alikuwa anamuuliza habari kama mtu aliyekuwa safarini.

"Wewe unaniuliza mimi?"

"Sikujua kama umeanguka."

"Tangu lini hujaenda?"

"Tangu waliponiondolea msaidizi. Mwaka huohuo wakachukua gari, wakasema ni la wakubwa. Nikaenda peke yangu, nikateguka goti kule chini. Nilitambaa mpaka darajani. Mwaka uliofuata nikasema nitakwenda goti likipoa. Tarehe ya kuleta vipimo ikafika. Nikakaa hapo mezani, nikachukua za mwaka uliotangulia, nikaongeza kidogo."

"Na mfumo ukapokea."

"Mfumo wako ndio ulionifundisha." Hakusema kwa kejeli, alieleza tu, kama mtu wa kazi. "Nikiongeza sana unaonyesha nyekundu. Nikipunguza, nyekundu. Nikajua unachotaka. Kisha ukaniruhusu niingizie nyumbani, kwa sababu kule hakuna mtandao. Mwaka wa kwanza nilitetemeka. Mkurugenzi akasimama mbele ya watu, akasema namba zangu ni safi. Baada ya hapo ningerudi vipi na namba chafu?"

"Ungeniambia."

"Ningemwambia nani? Mke wangu, au mkuu wa kitengo?"

Bibi alikuwa amesimama bila wao kumsikia. "Asubuhi ulikuwa ukivaa buti," alisema. "Nilikuwa nakuona. Ulikuwa ukienda wapi?"

"Darajani, mama."

"Unafanya nini darajani?"

"Nakaa. Mpaka jua ligeuke."

"Na ruba?"

"Hata pale zipo."

Bibi alishika ukuta. Kwa mara ya kwanza tangu wamjue, utani ulikuwa umemtoka usoni. "Mimi nilikuwa nikibaki hapa nakuombea dua, usiteleze. Kila mwaka. Kumbe namwombea mtu aliyekaa."

Futikamba akamtazama mke wake, na macho yake yalikuwa ya mtu anayeuliza bei ya kitu asichokuwa na uwezo nacho. "Nyuki anasemaje?"

"Anasema tunaweza kusema diski ziliharibu."

"Ahaa."

"Nawe unasemaje?"

"Sisemi. Ila kama mlango upo..."

"Upo. Nyuma yake yuko yule wa diski, mtu wa watu, alinipigia simu hata siku za mapumziko kunipa moyo. Nitamfukia yeye, halafu kesho niwasimamie kina Nyuki niwaambie nini kuhusu kazi?"

"Na tukitoka humu," aliuliza Bibi, "tunakwenda wapi?"

Bi Mkuu alifungua mdomo. Bibi, kwa adabu, akaingia chumbani asimtazame akilitafuta jibu.

*

Walikwenda kwa mkurugenzi wote wawili, saa za kazi zilipoanza. Futikamba alizungumza mwenyewe. Alipomaliza, sauti ya mkurugenzi ilikuwa imekwisha kabisa. Midomo ilicheza tu. Ilipopatikana, iliuliza swali ambalo Bi Mkuu hakuwahi kulisahau.

"Hamngeweza kunyamaza?"

Halafu mkurugenzi akafikiri, akatoa amri. Wageni wasikute uongo ndani ya kitabu. Kila kipimo cha bonde la nyuma ambacho hakina uhakika kitolewe leo. Habari za kazi na nyumba zitazungumzwa baadaye, na alivyotamka baadaye ilikuwa wazi kwamba amekwisha kuzizungumza. Lakini kufuta vipimo kulihitaji nenosiri la mkuu wa kitengo, na mkuu wa kitengo alikuwa bado Bi Mkuu.

Wakaketi mbele ya kioo kimoja, mume na mke. Nyuki alisogeza kiti kwa Futikamba, kisha akawatoa wenzake nje, akafunga mlango kwa nje. Miaka mingi waliifanya kazi ileile bila kukaa chumba kimoja. Mke alisoma namba ya mti na mwaka, mume alijibu.

"Hiki?"

"Cha uongo."

Akafuta.

"Hiki?"

"Cha uongo."

Akafuta. Alikuwa amekesha akiviombea virudi, vikarudi, na sasa alikuwa anaviua kimoja kimoja kwa kidole chake.

"Hiki?"

Futikamba alisogeza uso karibu na kioo. "Hicho sikumbuki."

"Hukumbuki kama ulikwenda?"

"Nilipokuwa nikiandika pale mezani nilikuwa naiona. Naijua ile miti, mama watoto. Mmoja umeegemea jiwe, mwingine una nundu. Nafumba macho, nauona, naandika. Sasa upi niliuona kwa macho na upi niliuona mezani..." Alishika paji la uso. Ilionekana wazi kwamba hata yeye hakuwa amejua jambo hilo mpaka alipolisikia likitoka kinywani mwake, na lilimtisha kuliko maneno yote ya mkurugenzi.

Akafuta hicho, na vingine vilivyofanana nacho. Mwaka baada ya mwaka kioo kikawa cheupe. Kulipofika mwaka uliokuwa mpakani, ule wa goti, Futikamba aliinua mkono ghafla, akauzuia mkono wa mke wake.

"Hicho ni cha kweli."

"Una hakika?"

"Ndio mti wa mwisho niliopima kabla sijateleza. Mvua ilinishika kulekule. Nilirudi nimelowa, ukanibandua ruba shingoni kwa kisu cha mezani, ukanikausha kichwa kwa taulo la kijani. Ukasema nimekuwa kama kifaranga. Kumbuka."

Bi Mkuu alikumbuka. Alilikumbuka taulo lenyewe, na uzito wa kichwa chake kilipokuwa kimelala kwenye mapaja yake, na maji yaliyomwingia kiganjani. Aliamini kwamba siku ile mume wake alikuwa ametoka bondeni, kama alivyowahi kuliamini neno la kioo.

Akautoa mkono wa mume wake taratibu, akauweka juu ya meza, akaushikilia hapo kwa mkono wake wa kushoto. Kwa mkono wa kulia akakifuta.